Usiri wa Nyaraka za Aktuari Marekani: Mwenye Bima Ananyimwa Nini?



Mada niliyopewa inahusu usiri wa nyaraka za kiaktuari, yaani za wataalamu wa hesabu za bima, ambazo kampuni za bima huwasilisha kwa wasimamizi wa majimbo ya Marekani. Maoni nitakayotoa ni yangu binafsi, na yasichukuliwe kuwa msimamo wa taasisi yoyote niliyoitumikia.

Maelezo ya msingi nitayapitia haraka, kwa kuwa wengi wenu mnayafahamu. Marekani haina msimamizi mmoja wa bima kwa nchi nzima. Sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945 iliyaachia majimbo kazi hiyo. Makamishna wa majimbo wana chama chao, NAIC, kilichoanza mwaka 1871, ambacho huandaa sheria za mfano, lakini kila jimbo huamua lenyewe lipitishe nini. Sheria za kumbukumbu za umma nazo ni za kila jimbo. Kwa hiyo waraka ulio siri upande huu wa mpaka unaweza kuwa wazi upande wa pili.

Nyaraka zenyewe ni za aina mbili. Za kwanza zinahusu uimara wa kampuni. Katika bima za mali na ajali, aktuari aliyeteuliwa hutoa maoni yake kila mwaka kuhusu akiba ya kulipia madai, na maoni hayo ni ya wazi. Muhtasari unaofuatana nayo, ambao huweka makadirio ya aktuari kando ya akiba iliyomo kwenye vitabu vya kampuni, huwa siri, pamoja na ripoti kamili na karatasi za kazi. Usiri huo nautetea bila kusita. Aktuari akijua kwamba kila neno lake litasomwa na wakili wa anayeidai kampuni, ataandika kwa kujihami, na msimamizi ndiye atakayekosa kuambiwa ukweli mapema.

Aina ya pili ni nyaraka za bei, yaani majalada ya kuomba kibali cha kupandisha ada. Naomba Mwenyekiti aniruhusu nikae hapa muda mrefu zaidi, kwa sababu hili ndilo nililopambana nalo kwa miaka mingi nikikagua majalada kwa niaba ya wenye bima.

Chukueni bima ya matunzo ya muda mrefu, inayolipia uangalizi wa mzee asiyeweza tena kuoga au kuvaa mwenyewe. Watu waliikata wakiwa na miaka hamsini na kitu, wakalipa miongo miwili au zaidi, kisha wakaletewa barua za nyongeza kubwa. Chanzo kimoja kilikuwa makadirio ya wangapi wangeacha bima njiani. Bei za mwanzo ziliwekwa kwa kudhani kwamba wengi wangeacha. Hawakuacha. Tukiweka vifo pembeni, katika watu 1,000, wakiacha asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 20 wanabaki kama 358. Wakiacha asilimia 1 tu, wanabaki kama 818. Tofauti hiyo yote ni watu wanaoweza kudai fidia ambao bei haikuwahesabu. Riba nayo ilishuka, na hesabu zikaharibika zaidi. Penn Treaty ya Pennsylvania, kampuni ya bima ya aina hiyo iliyokuwa na wenye bima zaidi ya 70,000, iliamriwa na mahakama ifilisiwe mwaka 2017.

Kwa hiyo jedwali la viwango vya kuacha bima ndilo moyo wa jalada. Niliwahi kufungua jalada la kampuni moja na kukuta kichwa cha jedwali hilo kimeachwa, safu ya miaka imeachwa, na tarakimu zote zimefunikwa kwa wino mweusi. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na maneno "siri ya biashara". Nilipotafuta ombi la kampuni hiyohiyo katika jimbo jingine, jedwali lilelile lilikuwa wazi, hakuna tarakimu iliyofichwa.

Sheria ya siri za biashara, kwa jinsi majimbo mengi yalivyoipitisha, inataka mambo mawili: taarifa iwe na thamani kwa sababu wengine hawaijui, na mwenyewe awe amechukua hatua za kuilinda. Jedwali lililokwisha kuwekwa wazi kwa jirani limeshindwa sharti la pili. La kwanza nalo lina mashaka, kwa sababu bima hiyo ilikuwa imeacha kuuzwa miaka mingi nyuma. Mshindani gani ataiba bei ya kitu kisichouzwa? Aliyenyimwa tarakimu ni mzee wa miaka themanini, asiyeweza kuhamia kampuni nyingine, anayetakiwa kuchagua kati ya kulipa nyongeza, kupunguza mafao au kuachia kila kitu.

Siwalaumu wakaguzi wa majimbo. Ni wachache, na muda wa kujibu ombi umewekwa na sheria. Wakifungua ukurasa wanaweza kushtakiwa na kampuni, wakiufunga ni nadra mtu kulalamika. Mfumo unaompa nafuu anayeficha ndio unaonikera.

Tunaambiwa uwazi utafukuza kampuni. California ilipitisha Hoja ya 103 kwa kura ya wananchi mwaka 1988, na majalada ya bei za bima za mali na ajali yakawa ya kukaguliwa na umma. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua dhidi ya kampuni ya bima ya State Farm kwamba hata takwimu ambazo kampuni iliziita siri ya biashara zitolewe. State Farm iliposimamisha kuuza bima mpya za nyumba huko Mei 2023, ilitaja gharama za ujenzi, hatari ya majanga na soko la bima mtawanyo. Majalada ya wazi hayakuwa miongoni mwa sababu zake.

Napendekeza yafuatayo, na yapo niliyokwisha kuyagusa. Usiri ufuate aina ya taarifa, si jina la waraka; nyaraka za uimara zibaki zimelindwa, za bei ziwe wazi. Kampuni inayofunika tarakimu ieleze kwa maandishi, jedwali kwa jedwali, madhara itakayopata zikionekana. Stempu ya jumla juu ya jalada zima ikataliwe siku ileile ya kupokelewa. Kilicho wazi katika jimbo moja kihesabiwe kuwa wazi kwingine. Bima isiyouzwa tena isipewe kinga ya ushindani. Viwango vya kuacha bima, vifo na riba vilivyobeba ombi la nyongeza visifunikwe kamwe. Aktuari wa wenye bima aruhusiwe kusoma kilichobaki siri kwa kiapo cha kutokitoa. Sheria imkinge mkaguzi anayefungua ukurasa kwa nia njema.

Kwa washiriki wa Tanzania na Kenya, ambako sheria za haki ya kupata taarifa zilipitishwa mwaka 2016 zikiwa na vizuizi vya maslahi ya kibiashara, ombi langu ni kwamba kanuni zitenganishe nyaraka za uimara na za bei mapema, kabla kampuni hazijazoea stempu.