Makazi Yasiwe Kizuizi cha Kura



Sheria ina haki ya kumwuliza mpigaji kura anaishi wapi. Hatari huanza inapomwuliza ameishi hapo kwa muda gani.

Mwezi Juni 1970, mwalimu wa sheria, James Blumstein, alihamia Nashville katika jimbo la Tennessee, Marekani. Tarehe 1 Julai alikwenda kujiandikisha, akakataliwa. Sheria ilidai awe amekaa mwaka mmoja jimboni na miezi mitatu katika kaunti. Kuzitii sheria za jimbo aliwajibika tangu siku ya kwanza; kuwachagua wanaozitunga alinyimwa.

Jimbo lilitoa sababu mbili: kuzuia wizi wa kura, na kuhakikisha mpigaji kura anayafahamu mambo ya mahali. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataa zote mbili. Hukumu iliandikwa na Jaji Thurgood Marshall, yule yule aliyewashauri wajumbe wetu kwenye mkutano wa Lancaster House mwaka 1960. Wizi wa kura, alisema, una sheria za jinai za kuukabili. Na urefu wa makazi haupimi ujuzi wa mtu. Siku 30 zatosha kuandaa daftari.

Kwetu Kenya, kifungu cha 43 cha Katiba ya zamani kilidai miezi 5 kati ya 12 katika eneo la uchaguzi, kwa kuishi, kufanya kazi au biashara, au kumiliki ardhi au nyumba. Fikirini maana ya sharti hilo kwa familia zilizofukuzwa makwao katika Bonde la Ufa mwaka 1991 na 1992. Walikotoka, kurudi kulikuwa hatari. Walikokimbilia, walikuwa wageni. Aliyewachomea nyumba aliweza kuwachomea na kura.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 83, haihesabu miezi. Tena inaagiza kwamba taratibu za uandikishaji zimrahisishie raia kupiga kura, wala zisimnyime.

Lakini haki isiyodaiwa hulala. Yule muumini aliyehamia mtaani kwenu, mwulizeni kama amehamisha uandikishaji wake. Msindikizeni kabla daftari halijafungwa. Na afisa akimrudisha bila sababu ya kisheria, dai lake liwe dai letu sote.