HOTUBA YA MWENYEKITI: SUKARI NA WATOTO WETU WADOGO

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wageni, Mabibo, siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)

 

Ni desturi siku kama ya leo mwenyekiti kueleza kikundi kilikotoka. Hayo ya sanduku, kufuli tatu na hisa za kwanza katibu ameshayaandika katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, na mahesabu atayasoma mweka hazina. Sisi kamati imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo limetugombanisha kuliko mikopo yote. Siyo fedha, jamani. Ni sukari. Sukari ya watoto.

Wageni wanacheka, wanachama hawacheki. Tumewahi kukaa kikao saa nzima, mkopo hata mmoja haujajadiliwa, watu wanabishana kama mtoto wa mwaka mmoja atiwe sukari kwenye uji au asitiwe. Wako wanaosema, "Mwacheni mtoto ale, utoto wenyewe ndio huo." Na wako wanaosema, "Hapana, hata kijiko." Wengi wa kundi la kwanza ni sisi bibi. Wengi wa kundi la pili ni mabinti na wakwe zetu, wenye simu za kusomea mambo.

Hebu tueleze kwanza kwa nini sisi bibi tuko hivyo, maana naona tunasemwa tu bila kusikilizwa. Sisi tuliokuwa watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunaijua sukari ilikuwa nini. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 bidhaa ziliadimika nchi nzima: sabuni, mafuta ya kupikia, nguo, na sukari. Tulipangwa foleni alfajiri na mama zetu, kila mtoto na mfuko wake, ili familia ipate zaidi. Mwaka 1983 serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, sukari ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokutwa vimefichwa. Uji tulikunywa kwa chumvi, ama tulikamulia ndimu. Mwenye nusu kilo ndani aliiweka chini ya kitanda, ikatoka akija mgeni. Mpaka leo ukienda kumtazama mgonjwa au ukienda msibani unabeba kilo ya sukari, na mtu anaipokea kwa mikono miwili. Chai isiyokolea ni dharau kwa mgeni.

Sasa mtu aliyekulia hivyo, Mungu akamjalia mjukuu, na sukari ipo hapo kwa Mangi, atamnyima vipi? Bibi anayetia vijiko vinne kwenye kikombe cha mjukuu anampa kile alichokikosa yeye. Mabinti zetu mlijue hilo kabla ya kumkemea mama mkwe mbele ya watu.

Hayo tumeyasema. Lakini kuna habari moja aliyotusomea binti wa mwenzetu anayesomea uuguzi, na habari hiyo iliwanyamazisha bibi wengi siku ile. Uingereza nao waliwahi kupewa sukari kwa mgawo. Walianza Januari 1940 wakati wa vita kuu ya pili, na mgawo wa sukari ukaondolewa Septemba 1953. Ulipoondolewa, watu walikula sukari karibu mara mbili ya awali. Watafiti wakawalinganisha watu waliotungwa mimba na kulelewa kabla tu ya mwaka ule na waliokuja baada yake, wakaangalia afya zao uzeeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science. Wale ambao siku zao 1000 za mwanzo, yaani tangu mimba hadi miaka miwili, zilipita katika mgawo, hatari yao ya kupata kisukari cha ukubwani ilipungua kwa asilimia 35 hivi, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20 hivi. Na hawakuwa watu wasioonja sukari kabisa. Familia zilipata kidogo, basi.

Hatusemi foleni zirudi. Shida zile hatumtakii mtu. Tunasema miaka miwili ya mwanzo ina uzito wake, na siyo maneno ya mabinti tu.

Kliniki nako wanatuambia hivyo hivyo. Miezi sita maziwa ya mama peke yake, wala maji yasiongezwe. Baada ya hapo vyakula vya makundi yote. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongeza isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa chakula, na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtoto wa miaka miwili hivi, sehemu moja ya kumi ni kama vijiko sita vya chai kwa siku nzima, na nusu yake ni vijiko vitatu. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina vijiko kama tisa. Mwaka 2023 shirika hilo hilo likasema mtoto wa miezi 6 hadi 23 asipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari. Na asali nayo mtoto asiyefikisha mwaka mmoja asilambishwe, maana inaweza kuwa na vimelea vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Tunalitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani asali haihesabiwi. Hata sukari guru ni sukari, na juisi iliyokamuliwa vilevile.

Sisi ni watu wa akiba, kwa hiyo tulipiga hesabu. Nyumba ya watu sita inayotumia robo kilo kwa siku, kwa bei ya Sh. 3,000 kilo, inamaliza kilo saba na nusu kwa mwezi, yaani Sh. 22,500. Mtoto mmoja akipewa Sh. 500 kila siku ya pipi, biskuti na barafu, hiyo ni Sh. 15,000 nyingine. Jumla Sh. 37,500. Hisa yetu moja ni Sh. 5,000. Hapo hisa saba zimelambwa, na nauli juu.

Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño ziliposumbua uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika na kilo ikapita Sh. 4,000? Nyumba nyingi hapa Mabibo zilipunguza kwa lazima. Wiki ya kwanza watoto walisukuma kikombe, wakanuna. Wiki ya tatu walikuwa wanamaliza uji wenye kijiko kimoja, na wengine usio na kijiko. Bei iliposhuka ni sisi watu wazima tuliorudisha vijiko. Watoto hawakudai. Hilo ndilo jibu letu kwa anayesema mtoto wake hali bila sukari. Mtoto anazaliwa anapenda utamu, maziwa ya mama yenyewe ni matamu. Lakini kiasi cha utamu anakizoea kutoka kwetu, na chakula kipya anaweza kukikataa mara nane, mara kumi, ndipo akipende.

Tuseme juu ya meno. Mwenzetu mmoja alikuja kuomba mfuko wa jamii usiku, hakusubiri kikao. Mjukuu wake wa miaka minne shavu limevimba, siku tatu hajalala na nyumba nzima haijalala. Tulitoa fedha bila mjadala. Mtoto aling'olewa magego manne. Daktari wa meno hakumuuliza bibi mtoto anakula sukari kiasi gani. Alimuuliza anakula mara ngapi. Alimweleza kwamba vijidudu vya mdomoni hula sukari hiyo na kutoa tindikali, na tindikali ndiyo inayotoboa jino. Kila anapoonja, jino linachomwa kwa muda mpaka mate yaisafishe. Kwa hiyo pipi moja inayonyonywa pole pole, barafu inayolambwa kutoka saa nne mpaka saa tano, au chupa ya chai ya maziwa anayolala nayo mdomoni, inaharibu zaidi kuliko andazi lililoliwa mara moja na chakula. Kuna anayesema ni meno ya utoto, yatang'oka tu. Ni kweli yako 20 na yote yatang'oka, lakini magego hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Miaka minane ni mingi kutafuna ugali kwa fizi.

Tukiwa hapo, sukari haileti minyoo. Hili tumelisikia tangu utoto wetu. Minyoo huletwa na uchafu wa choo kupitia mikono, udongo na vyakula visivyooshwa. Mtoto anayenyimwa sukari na hanawishwi mikono atapata minyoo vilevile. Na ipo siku sukari ni dawa: mtoto akiharisha na pakiti za ORS hazijapatikana, lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku unaelekea zahanati. Kundi la "hata kijiko" lisije likasahau hilo.

Jambo lililotuuma zaidi ni la tumbo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Tumbo la mtoto ni dogo. Akipewa soda na biskuti saa nne ili anyamaze, saa saba ugali na dagaa haviingii. Mama anasema mtoto hana hamu ya kula, anamnunulia soda nyingine apate nguvu. Na mara nyingi anayempa siyo mama. Mama yuko sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri, mtoto ameachwa kwa jirani na mia tano ya kunyamazishia. Tusimlaumu mtu hapo. Mwenye mlezi mwingine ajitokeze.

Tusijifanye hatuoni kilicho mbele yetu. Kikundi hiki kina wanachama wanaouza barafu, ubuyu wa rangi, kashata na soda, na wateja wao wakubwa ni watoto. Mwenzetu mmoja mjane alinunua friji kwa mkopo wetu, na kwa barafu za ukwaju amesomesha. Mjadala ulipopamba moto alisimama akasema, "Basi nyie mnanikata riziki." Kikao kilinyamaza. Hatukumnyima mkopo na hatutamnyima kwa sababu hiyo. Yeye mwenyewe aliongeza maji ya baridi na matunda ya kukata, na anasema tikiti linatoka vizuri siku za joto. Barafu bado anauza, sukari amepunguza kidogo. Hisa zake tunazipokea kama za mwingine.

Tulichokubaliana ni haya machache. Kwenye vikao na sherehe zetu mtoto chini ya miaka mitano anapewa maji na matunda. Watu wazima chai yao ipo, na bakuli la sukari lipo mezani, kila mtu na mkono wake. Uji wa mtoto chini ya miaka miwili usitiwe sukari. Upondewe ndizi mbivu au papai, utiwe karanga zilizosagwa. Sisi wa Mabibo tukikosa ndizi nani atapata, na Mahakama ya Ndizi tunayo hapa hapa? Sikukuu za Idi na Krismasi hatukuzigusa. Kaimati na kashata siku hiyo watoto wale, wapige mswaki, walale.

La mwisho ndilo lililopita kwa kura chache: mtu asimpe mtoto wa mwenzake kitu kitamu bila kumuuliza mama yake. Bibi nao wamo. Baadhi yetu tulinung'unika, maana mjukuu unamwona kama wako kuliko aliyemzaa. Lakini kura zilihesabiwa mbele ya wote.

Mjane wetu ameleta ombi la friji la pili, na ombi hilo litajadiliwa kikao kijacho. Wanachama wafike wote, mkoba wa maneno wauache nyumbani.

 Sasa tunamkaribisha mweka hazina asome mahesabu.