Mkesha wa Michezo Uwe na Zamu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa shule. Inachapwa hapa kwa maombi ya wanachama na ya wanafunzi.)



Nimepewa robo saa, na mzee mwenzangu pale mlangoni ameshika saa mkononi, kwa hiyo nitaingia katika shauri bila kuzunguka.

Mbele ya mkutano huu ipo barua ya Chama cha Kompyuta cha wanafunzi. Wanaomba ruhusa na msaada wetu wafanye mkesha wa michezo ya kompyuta kwa saa 24, wakiutangaza moja kwa moja kwa intaneti, ili wanafunzi wa zamani popote walipo wautazame na kuchangia. Fedha zitakazopatikana zitanunua vitanda na magodoro ya chumba cha wagonjwa. Yeyote kati yetu aliyewahi kuugua malaria akiwa hapa anakijua chumba hicho, na hana haja ya kuelezwa zaidi.

Jana jioni baadhi ya wenzetu walishauri barua hii itupwe. Walisema michezo hiyo ni upuuzi, na tayari wapo vijana wanaoruka ukuta usiku kwenda kwenye vibanda vya gemu mjini. Wengine, hasa waliomaliza miaka ya karibuni, walitaka ruhusa itolewe bila sharti lolote. Mimi naomba tuikubali barua, lakini tuiwekee masharti. Nitaeleza sababu zangu.

Kwanza tuelewane juu ya michezo yenyewe, maana asiyejua maana haambiwi maana. Wazee wenzangu wanadhani michezo yote ya kompyuta ni kupiga risasi na kukimbiza magari. Sivyo. Ipo ya kuruka vizingiti, ya karata, ya muziki, ya kujenga miji, ya mafumbo. Na kazi kubwa ya watungaji wa siku hizi ni kuchanganya aina hizo, wakachukua kanuni ya mchezo huu na kuiunga na ya mchezo ule, mpaka kikazaliwa kitu cha tatu.

Nitatoa mfano wa ukoo mmoja. Mwaka 1980, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo ulioitwa Rogue. Haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alikuwa alama ndogo kwenye kioo, na majitu aliyopigana nayo yalikuwa herufi kubwa za alfabeti. Lakini ulikuwa na kanuni mbili zenye nguvu: mashimo na vyumba vilipangwa upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, unarudi mwanzo kabisa.

Kanuni hizo mbili zimeolewa katika nyumba nyingi. Mwaka 2008 Derek Yu alizichanganya na michezo ya kuruka na kukimbia, ikapatikana Spelunky. Mwaka 2015 zikachanganywa na muziki katika Crypt of the NecroDancer, ambamo huna budi kupiga hatua kwa kufuata mdundo wa ngoma. Mwaka 2019 Slay the Spire ilikamilika, ikiwa imezichanganya na karata: unapanda mnara huku ukijikusanyia fungu lako la karata za vita. Na mwaka 2024 ikatoka Balatro, iliyozichanganya na poka, na jokeri wake hugeuza hesabu nzima ya alama.

Wazo la kuunganisha kanuni mbili katika mchezo mmoja si geni kwetu. Bao letu lina sehemu mbili ndani yake. Kwanza huwa namu, kila mtu anaingiza kete za akiba moja moja. Kete za akiba zikiisha huingia mtaji, na hapo hesabu hubadilika, na mchezaji aliyekuwa hodari wa kwanza huenda akapotea wa pili. Watu hukusanyika kuwatazama wachezaji wawili tangu alasiri hadi magharibi, wala hatuwaiti wapuuzi. Tunawaita watazamaji wa bao.

Sasa, kwa nini michezo ya ukoo wa Rogue imependwa sana na wanaotangaza michezo yao kwa saa nyingi? Kwa sababu kila ukianza mambo ni mapya. Aliyetazama jana hajaona cha leo, na kwa kuwa kufa ni kufa kweli, kila hatua ina hofu yake. Lakini hapo hapo ndipo ulipo mtego. Mchezo ulio mpya kila unapoanza hauna mahali pa kusema "basi, tumemaliza". Filamu ina mwisho, mpira una kipenga cha mwisho; huu hauna, mpaka mtu auwekee. Naomba mlikumbuke neno hili, maana nitalirudia.

Nakuja kwenye mikesha. Mwaka 2007, huko Victoria, British Columbia, nchini Kanada, kikundi cha vichekesho kiitwacho LoadingReadyRun kilianzisha mkesha uitwao Desert Bus for Hope. Walichagua mchezo mbaya kuliko yote: Desert Bus, uliotengenezwa katikati ya miaka ya 1990 kwa kejeli, na haukupata kuuzwa madukani. Kazi yako ni kuendesha basi tupu kutoka Tucson hadi Las Vegas. Safari ni saa 8, saa 8 za kweli. Mwendo hauzidi maili 45 kwa saa. Njiani hakuna abiria wala magari mengine, na basi lenyewe linavuta kidogo kulia, kwa hiyo huwezi kuacha usukani. Ukitoka barabarani unavutwa kurudishwa Tucson, nako ni mwendo wa saa zile zile. Ukifika salama unapata alama 1.

Waliahidi hivi: saa ya kwanza ya kuendesha inunuliwe kwa dola 1, na kila saa inayofuata bei iongezeke kwa asilimia 7. Kwa mara ya kwanza waliendesha siku 4 na nusu, wakakusanya zaidi ya dola 22,000 kwa ajili ya Child's Play, shirika linalopeleka vitu vya kuchezea katika hospitali za watoto. Mkesha huo umerudiwa kila mwaka, na mwaka 2020 ulivuka dola milioni 1 kwa mkesha mmoja.

Wameudumishaje? Kwa zamu. Siku yao imegawanywa mara nne, saa sita sita, na kila zamu ina jina lake na watu wake. Aliyemaliza zamu anakwenda kulala. Basi linaendelea kwa mikono mingine.

Mfano wa pili ni Games Done Quick wa Marekani, ambapo watu hodari humaliza mchezo kwa muda mfupi iwezekanavyo. Ulianza Januari 2010. Ulikuwa ufanyike kwenye tamasha moja, lakini intaneti ya pale haikutosha, wakahamia chumba cha chini cha nyumba ya mama yake Mike Uyama, mwandaaji. Walipata kiasi cha dola 10,000 kwa shirika la CARE. Mkesha wa Januari 2022, uliofanywa kwa ajili ya shirika la kupambana na saratani, ulipata zaidi ya dola milioni 3.4. Ule wa katikati ya mwaka huchangia Médecins Sans Frontières, madaktari ambao wenzetu wa Kigoma wanawafahamu, kwa kuwa wamewahi kutibu wakimbizi katika kambi ya Nduta, Kibondo. Huko nako ni zamu: mchezaji mmoja anaketi, nyuma yake wapo wenzake wanaoeleza anachofanya, anamaliza, anaondoka, anaingia mwingine. Matangazo hayalali kwa wiki nzima, lakini watu wote wanalala.

Sasa nitazame upande wa giza, maana sikuja kusifu tu. Agosti 2005, katika mji wa Taegu, Korea ya Kusini, mtu wa miaka 28 alicheza StarCraft katika duka la intaneti kwa muda wa saa 50 hivi, akipumzika kidogo sana. Moyo ulimsimama, akafa. Hakuwa na wa kumpokea, wala hakuchangia chumba cha wagonjwa cha mtu yeyote.

Mwaka 2021 kijana wa Marekani, Ludwig Ahgren, alitangaza kwamba kila anayelipia kituo chake atamwongezea sekunde chache za kukaa hewani. Watu wakalipa, na saa ikakataa kufika sifuri. Alianza Machi 14 akamaliza Aprili 13, siku 31, huku watu wakimtazama hata akiwa amelala katika kitanda chenye umbo la gari. Angalau alilala, na zaidi ya hayo, aliweka mwisho yeye mwenyewe, kwamba zikifika siku 31 basi. Bila neno hilo, waliolipa ndio wangekuwa mabwana wa saa yake.

Na hapa nawaomba vijana mchukue kalamu mfanye hesabu pamoja nami, kwa ile kanuni ya asilimia 7. Tuseme mwanachama mmoja anaahidi shilingi 1,000 kwa saa ya kwanza. Kwa saa zote 24 atalipa kiasi cha shilingi 58,000. Lakini mkiendelea, saa ya 48 peke yake itamgharimu kiasi cha shilingi 24,000! Mnaona vishawishi vinakotoka? Fedha nyingi zimekaa mwishoni, usiku wa pili, wakati mwili umechoka. Hesabu yenyewe inawaambia, "endeleeni, endeleeni". Ndiyo sababu nasema: tuongeze wachangiaji, tusiongeze saa. Wanachama 100 wakiahidi hivyo, saa 24 zinaleta kiasi cha shilingi milioni 5.8, na hakuna mtoto wa mtu aliyekesha siku mbili.

Wataalamu wa usingizi wanasema kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Na majaribio yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 au zaidi hupungua wepesi wa akili na mikono kama mtu aliyekunywa pombe. Aidha, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikubali kuuandika uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa, orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo hofu ya wazee si ya bure. Lakini wanaoruka ukuta hawatazuiwa na barua iliyotupwa. Ukuta upo na wanauruka. Mkesha wa wazi, wenye walimu na wazazi, utawafundisha jambo ambalo kibanda cha gemu hakifundishi kamwe: kuinuka kitini wakati mwenzako amefika kukupokea.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza masharti haya.

Kwanza, zamu ziwe za saa 4, na hakuna mwanafunzi atakayeshika zamu zaidi ya moja.

Pili, zamu mbili za usiku mzito, tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, zishikwe na sisi wanafunzi wa zamani. Wale wanaosema hawajui kucheza watafundishwa na hawa vijana, na aibu ya kushindwa hadharani iwe sehemu ya mchango wao.

Tatu, saa ya mwisho itangazwe kabla ya saa ya kwanza, wala isiongezwe hata akitokea tajiri wa kutoa milioni. Milioni yake tutaipokea mchana.

Nne, mkesha ufanyike wakati wa likizo, baada ya mitihani, na mshiriki alete barua ya mzazi.

Tano, umeme na intaneti vijaribiwe wiki mbili kabla. Kama wale wa 2010 walilazimika kuhamia nyumbani kwa mama, sisi tusijidai.

Sita, hesabu ya fedha ibandikwe ubaoni na ichapwe katika gazeti hili, shilingi kwa shilingi, hadi godoro la mwisho.

Wazee wenzangu, hatuombwi kuipenda michezo hii. Tunaombwa kukaa na wadogo zetu usiku mmoja, tukashika zamu ambayo wao hawapaswi kuishika. Nanyi vijana, mliandika barua yenu kwa adabu na mkaomba kwa ajili ya wagonjwa. Shikeni hayo yote mawili mpaka mwisho. Chumba kile kinawangoja wenzenu wa mvua zijazo, na malaria haina likizo.

Naona saa ya mlangoni imeinuliwa. Zamu yangu imekwisha.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.