Vidonge vya Lehemu na Maradhi ya Korona



Kamati imetuomba tuseme machache juu ya afya. Sisi si matabibu. Elimu yetu ilikomea sekondari, na umri wetu umepita nyuma ya kaunta. Hata hivyo tunalo deni mbele ya mkutano huu, nalo linahusu vidonge vya kupunguza lehemu, ambayo wengi wetu huiita kolesteroli.

Mnakumbuka Machi 2020, milango ya hekalu ilipofungwa, na misikiti na makanisa vilevile. Arati tuliitazama kwenye simu. Simu hizo hizo zikatuletea habari mbili. Ya kwanza ilidai kwamba ameza­ye vidonge vya lehemu hafi kwa korona. Ya pili, majuma machache baadaye, ilidai kwamba vidonge hivyo huvifungulia virusi mlango wa kuingia mwilini. Sisi tulizisambaza zote mbili. Kwa ile ya kwanza tulimpelekea jirani yetu, fundi cherehani, vidonge vyetu wenyewe, ilhali hakuwa amepimwa lehemu hata siku moja. Kwa ile ya pili, ndugu yetu aliyekwisha kutanuliwa mshipa wa moyo aliacha dawa yake miezi miwili bila kumwarifu daktari. Mungu alitusitiri, na wote wawili wamo ukumbini humu. Tangu hapo tumeona ni wajibu wetu kusoma na kuuliza kabla ya kusema.

Dawa hizi, ziitwazo statini, zilianzia kwenye kuvu. Mwanasayansi wa Kijapani, Akira Endo, alichunguza maelfu ya kuvu katika miaka ya 1970, akapata aliyoitafuta katika kuvu iliyoota kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto. (Sisi tulioanza biashara kwa kuuza mchele, kuvu hatukuijua ila kuwa hasara.) Ndani yake mlikuwa na kitu kinachozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Dawa ya kwanza ya jamii hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Mwaka 1994 utafiti uliofanywa katika nchi za Skandinavia, kwa wagonjwa wa moyo 4,444, ulionyesha kwamba simvastatini ilipunguza vifo kwa takriban asilimia 30. Kazi hiyo ya kulinda moyo imethibitishwa, wala hatuna shaka nayo.

Basi korona iliingiaje? Ugonjwa ule huchochea uvimbe katika mishipa na kugandisha damu, na statini hujulikana kutuliza uvimbe wa namna hiyo. Kisha mwaka 2020 madaktari wa China walichapisha hesabu za wagonjwa 13,981 wa jimbo la Hubei. Walipowalinganisha waliotumia statini hospitalini na wenzao waliofanana nao kwa umri na maradhi, vifo katika siku 28 vilikuwa asilimia 5.2 kwa watumiaji na 9.4 kwa wasiotumia. Ni nani asiyeshawishika?

Lakini tazameni kwa jicho la mfanyabiashara. Duka la barabara kuu likiuza kuliko la uchochoroni, hatusemi kwamba rangi ya kibao chake ndiyo iliyoleta wateja. Ameza­ye dawa ya lehemu kila usiku huenda ndiye mwenye daktari, mwenye kupima sukari, mwenye uwezo wa kuwahi hospitali. Watafiti hujitahidi kuyasawazisha mambo haya, lakini mengine hayamo daftarini. Ndiyo maana hupigwa kura: nusu wapewe dawa, nusu wasipewe, bila mtu kuchagua.

Kura ikapigwa. Nchini Iran, wagonjwa mahututi wapatao 600 walipewa ama atorvastatini ama kidonge bandia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa. Utafiti mwingine uitwao REMAP-CAP uliwahusisha mahututi 2,684 katika nchi 13. Matokeo yake ya mwaka 2023 yalielekea upande wa simvastatini: uwezekano kwamba ilisaidia ulikadiriwa kuwa asilimia 95.9. Lakini kiwango walichojiwekea watafiti tangu mwanzo kilikuwa cha juu zaidi, na kazi ilisimamishwa mapema kwa sababu wagonjwa walikuwa wamepungua. Kwa maoni yetu hayo ni matumaini ya haki, ila ni matumaini ya wodi ya mahututi, chini ya macho ya madaktari. Hayamhusu fundi aliyeketi kibarazani kwake akiwa mzima.

Kwa hiyo tuliyoyasambaza tunayafuta. Aliyeandikiwa statini kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya korona, isipokuwa daktari amwambie. Maana kuna dawa ya korona yenye ritonavir ambayo hupandisha mno kiasi cha simvastatini katika damu na kuweza kuumiza misuli, na hapo hutakiwa kusimamisha kwa muda. Asiyeandikiwa asipokee kidonge kutoka kwa mtu, hata awe sisi. Na sisi wenye asili ya Bara Hindi tupimwe mapema, kwani maradhi ya moyo hutujia tukiwa na umri mdogo kuliko watu wengi, na samli yetu, jalebi zetu na ganthia zetu mnazijua.

Fundi wetu alipimwa mwaka jana. Lehemu yake ni ya kawaida. Tulipomwomba radhi alicheka, akatuambia kwamba vidonge vile hakumeza hata kimoja. Vimo kwenye kopo la vifungo.

Chakula ki tayari.