Kuomba Kazi Kwenye Chelezo

Msikilizaji wa Mwanza, meli ya MV Mwanza, ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, imejengwa hapa hapa ziwani, kwenye chelezo, mahali meli zinapoundwa na kushushwa majini. Meli haijengwi na wahandisi peke yao. Wanahitajika wachomeleaji, mafundi bomba, mafundi umeme, wapaka rangi.

Tuseme wewe ni mchomeleaji. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kiambatishe, lakini jua kwamba huenda ukapewa mabamba mawili ya chuma uyaunge mbele ya msimamizi. Kuunga bamba lililolala mezani wengi wanaweza. Shughuli ni bamba lililosimama wima, na lile la juu ya kichwa, cheche zikikudondokea. Fanya mazoezi ya hayo mawili kabla ya kupeleka barua, maana ungio likiwa na vitundu, maji yatapenya. Kwenye barua andika wazi ulichokwisha kuunda: matangi, mageti, boti.

Wasichana, ombeni pia. Chuma hakiulizi jinsia.

Na mtu akikudai hela ya kukuingizia jina, usimpe hata shilingi. Nenda mwenyewe ofisini kwenye chelezo, ukaulize nafasi zilizopo na mwisho wa kupokea maombi.