Kampuni na Kitabu Kisichouzwa

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu amekwisha gawa karatasi. Leo hatutaandika sana. Tutasoma na kusikiliza, maana nina barua mkononi, nayo yataka majibu.

Barua hii imetoka kwa mwanafunzi wa darasa moja mkoani Singida. Yeye na wenzake saba wana kampuni ndogo ya kukamua mafuta ya alizeti. Mashine yao ni moja tu, lakini mafuta yao yanauzwa mpaka Dodoma. Anasema, nami nayafupisha maneno yake, kwamba amekuja kwao kijana mmoja mwenye kompyuta ya mkononi. Kijana huyo amewaambia ya kuwa siku hizi kampuni isiyoandikwa katika Wikipedia haijulikani duniani, na kwamba yeye ataiandika yao kwa shilingi laki sita. Nusu wampe sasa, nusu akiisha maliza. Wenzake wanne wamekubali, watatu wamekataa, na mwandishi wa barua amebaki katikati. Anauliza, "Mwalimu, tutoe fedha hizo au tusitoe?"

Laki sita si fedha ndogo kwa watu wenye mashine moja. Hizo ni fedha za magunia ya alizeti, na mashine isiyo na alizeti ni chuma tu. Basi kabla sijajibu, na tukijue kitu chenyewe kinachouzwa.

Ensaiklopidia ni kitabu cha maarifa ya kila namna. Kamusi hukuambia maana ya neno. Ensaiklopidia hukueleza habari za kitu. Ukitaka kujua mlima fulani una urefu gani, au sabuni hutengenezwa namna gani, huko ndiko wendako. Kitabu mashuhuri cha namna hiyo kwa Kiingereza ni Encyclopaedia Britannica, kilichoanza kutolewa mjini Edinburgh, Scotland, mwaka 1768. Mwaka 2012 wenye kitabu walitangaza kwamba hawatakipiga chapa tena. Toleo la mwisho la karatasi lilikuwa na vitabu 32, mzigo wa kumchosha punda. Sasa husomwa katika kompyuta.

Wikipedia nayo ni ensaiklopidia, ila imezaliwa katika intaneti yenyewe. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Hilo neno wiki lisiwababaishe. Halina uhusiano na juma letu la siku saba. Limetoka katika lugha ya watu wa Hawaii, na maana yake ni upesi. Mtaalamu mmoja wa kompyuta, Ward Cunningham, alilitumia mwaka 1995 kwa kurasa ambazo msomaji aweza kuzisahihisha papo hapo.

Na hapo ndipo palipo na ajabu. Wanaoiandika Wikipedia ni watu kama mimi na wewe, nao hawalipwi mshahara na kitabu hicho. Mmoja huanza makala, mwingine huongeza, wa tatu hufuta yasiyo kweli. Mitambo yake hutunzwa na shirika la Marekani liitwalo Wikimedia Foundation, ambalo halitafuti faida, na gharama hulipwa kwa michango. Humo hamna tangazo la biashara hata moja. Iko katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina makala zaidi ya elfu 70.

Sasa mtaona kwa nini wafanyabiashara wanaitamani. Mteja akitafuta jina la kampuni kwa simu yake, ukurasa wa Wikipedia, kama upo, mara nyingi huwa miongoni mwa vya kwanza kumtokea. Vile vyombo vinavyojibu maswali kwa sauti huyatoa humo maneno mengi. Lakini zaidi ya hayo, msomaji huyaamini yaliyomo kwa sababu anajua hayakulipiwa. Akiona bango barabarani lisemalo mafuta haya ni bora, husema moyoni, "Kweli, nani atakayesema yake ni mabaya?" Akiyasoma katika ensaiklopidia huwaza vingine. Ni kama shahidi mahakamani. Maneno yake yana uzito maadamu hakupewa kitu. Siku watu wakijua alipewa, ushahidi wote umekwisha, na aliyempa ana kesi ya pili.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2005 mtu fulani aliyetumia mtandao wa kampuni ya Marekani iitwayo Diebold, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kupigia kura, alifuta aya 15 za makala iliyoihusu kampuni hiyo. Aya hizo zilieleza mashaka ya watu juu ya usalama wa mashine zile. Mfutaji alidhani hakuna aonaye. Kumbe kila badiliko katika Wikipedia liliandikwa, pamoja na saa yake na namba ya mtandao au jina la aliyelifanya, na maneno yaliyofutwa hayakupotea. Aya zilirudishwa. Tena mwezi Agosti 2007 mwanafunzi wa chuo kikuu cha California Institute of Technology, Virgil Griffith, alitengeneza chombo cha kulinganisha namba hizo na majina ya makampuni na ofisi. Magazeti ya dunia yakajaa habari. Kampuni iliyotaka aya 15 zisahauliwe ikazifanya zisomwe na watu ambao wasingalizisoma kamwe.

Kisa cha pili kilinichekesha. Tarehe 12 Aprili 2017, Burger King, wauzaji wa mkate wenye nyama, walitoa tangazo la televisheni la sekunde 15. Mtu katika tangazo anakiuliza kile chombo cha Google kinachojibu kwa sauti: mkate uitwao Whopper ni nini? Shabaha ilikuwa kwamba chombo kilichomo nyumbani mwa mtazamaji kisikie, kiamke, na kisome mwanzo wa makala ya Wikipedia. Na siku chache kabla, mwanzo huo ulikuwa umebadilishwa na mtu ukawa na sauti ya tangazo. Walisahau kwamba mlango waliopitia wao ulikuwa wazi kwa wote. Watu wenye mzaha wakaingia, wakaandika kwamba mkate ule umetiwa sumu ya sianidi, na kwamba huleta saratani. Wahariri walilazimika kuufunga ukurasa kwa muda, na siku ile ile Google wakakizuia chombo chao kisiitikie swali lile. Nisiwafiche, wenye kazi ya matangazo waliisifu hila hiyo, hata ikapewa tuzo kubwa mjini Cannes, Ufaransa, mwaka ule ule. Lakini kampuni kubwa hustahimili fedheha ambayo ingeiua kampuni yenye mashine moja. Hebu fikirini jina la mafuta yenu likiandikwa pamoja na neno sumu, japo kwa saa tatu.

Mwezi Mei 2019 ilikuwa zamu ya The North Face, wauzaji wa makoti na mizigo ya kupandia milima. Mawakala wao wa matangazo huko Brazil waliondoa picha za mahali mashuhuri katika makala za Wikipedia, wakaweka picha nyingine za mahali pale pale, ila humo yumo mtu aliyevaa nguo za kampuni. Walitaka kila atakayetafuta picha za mlima au pwani hiyo aione chapa yao. Kisha wakatoa filamu ndogo kujisifu kwamba kazi yote haikuwagharimu kitu! Wikimedia Foundation iliwajibu kwamba wameharibu mali ya umma. Wahariri wa kujitolea wakaziondoa picha, nyingine wakazikata ili chapa isionekane, na kampuni ikaomba radhi na kuisimamisha kazi hiyo. Kwangu mimi kosa baya zaidi lilikuwa kule kujisifu. Mtu akila nanasi la jirani usiku, walau asiimbe asubuhi.

Lakini kisa kinachomhusu hasa ndugu yetu wa Singida ni cha mwaka 2015. Nawaomba wenye barua waniazime masikio yao. Wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza waligundua kundi lililokuwa likitumia majina ya bandia yapatayo 381. Kundi hili lilipeleleza makala za wafanyabiashara wadogo na wasanii zilizokataliwa kwa kuwa zilikuwa na sifa tupu, au kwa kuwa mwenyewe hakuwa mashuhuri vya kutosha. Kisha mtu humwendea mwenye makala, akijifanya mhariri mwenye mamlaka, na kumwambia, "Toa fedha, nami nitaipitisha." Akiisha toa, makala hutokea. Baadaye huja dai jingine: kila mwezi atoe tena, isije ikafutwa. Hakuwa na mamlaka hayo. Majina yote yalifungiwa, na makala 210 zikafutwa. Waliotoa fedha wakabaki bila fedha na bila makala.

Sisemi kwamba kijana wa Singida ni wa namna hiyo. Simjui. Nasema kwamba kitu anachoahidi hawezi kukitimiza hata akiwa mwaminifu. Hakuna mtu anayemiliki mlango wa Wikipedia. Aweza kuandika ukurasa leo, na kesho mhariri wa Nairobi au wa Berlin akaufuta kwa haki, naye kijana asiwe na la kufanya. Kuandika kwa malipo hakukukatazwa kabisa, lakini tangu Juni 2014 sharti lawataka wote wanaolipwa kutangaza waziwazi ni nani anayewalipa. Basi swali la kwanza la kumwuliza kijana ni hili: utaandika kwamba sisi ndio tuliokulipa? Mkimwona anatazama chini, mmejibiwa.

Swali la pili ni lenu wenyewe. Wikipedia haiandiki habari za kila kampuni. Hutaka kampuni iwe imekwisha andikwa na wengine wasio na faida nayo: gazeti, kitabu, taarifa ya wachunguzi, tena si mstari mmoja tu. Karatasi mliyoichapisha wenyewe haihesabiwi, wala tangazo mlilolipia redioni. Je, gazeti gani limekwisha andika habari za mashine yenu? Kama hakuna, wakati wenu haujafika, na hakuna aibu katika hilo. Na siku ikifika, jueni kwamba makala haitakuwa mali yenu. Mwaka mkipata tuzo itaandikwa, na mwaka mkitozwa faini, ikiwa gazeti limesema, nayo itaandikwa pale pale chini ya tuzo.

Je, kampuni ndogo haina la kufanya? Inalo, na halina gharama ila subira. Ninyi mnajua kukamua alizeti. Mnajua mbegu ipi hutoa mafuta mengi, na mashudu hutumiwaje. Fungueni makala ya alizeti katika Wikipedia ya Kiswahili muone inasema nini juu ya kazi yenu. Likikosekana jambo, liongezeni, mkitaja kitabu au gazeti lenye habari hiyo, bila kutia jina la kampuni. Pigeni picha safi ya shamba lenye maua, ya mashine inayokamua, ya mashudu yakitoka, mkaziweke katika ghala ya picha iitwayo Wikimedia Commons, iliyofunguliwa mwaka 2004. Ila jueni sharti lake: mkiisha ziweka, mtu yeyote ruhusa kuzitumia, hata mfanyabiashara mwenzenu, mradi amtaje aliyezipiga na kufuata masharti ya leseni. Asiyeweza kuvumilia hilo asiziweke.

Na ikitokea makala inayowataja ninyi ina kosa, tuseme imeandika mwaka usio sawa, msiisahihishe kwa siri. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano pembeni yake. Andikeni hapo: sisi ni watu wa kampuni hii, mwaka huu si sahihi, ushahidi ni gazeti la tarehe fulani. Mhariri asiye na uhusiano nanyi atatazama. Yaweza kuchukua siku nyingi, lakini badiliko lake litadumu kuliko la kwenu.

Kwa hiyo, ndugu wa Singida, jibu langu ni kwamba msimpe kijana zile laki sita. Waambie wale wanne kwamba sikuwadharau. Nia yao ya kutaka mafuta yajulikane ni njema. Lakini nunueni alizeti, na kama kuna akiba, wekeni kibao kizuri kando ya barabara ya Dodoma. Kibao kitasema wazi kwamba ni tangazo, wala hakuna atakayewalaumu kwa hilo.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya kazi aifanyayo, bila kutumia neno bora, zuri wala maarufu. Mwalimu azikusanye. Zile ambazo msomaji wa mbali angeweza kuzihakikisha, atie alama ya msalaba mwekundu kando yake, na zilizobaki mzijadili pamoja. Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma hesabu za daftari la duka. Kwaherini.