Meya kutoka Ujiji



Mmeniomba niseme juu ya uongozi wa mji. Nitawasimulia meya mmoja: Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924. Ujiji mnaijua. Njia ya zamani ya pembe za ndovu ilitoka hapa kwetu Kasongo, ikapita Kabambare, ikateremka hadi Ziwa Tanganyika na kuvuka. Watu wetu wengi, baadhi wakiwa katika minyororo, walifika ng'ambo wakabaki. Ukienda Ujiji ukasema umetoka Maniema, utaulizwa mara moja wewe ni wa ukoo gani.

Sheikh huyu alikuwa mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya na mshairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, chenye vina na mizani, na diwani yake humo humo. Mwaka 1960 akawa meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru na mji ukapewa hadhi ya jiji. Hakukaa sana. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria, na huko alihimiza maneno ya mahakamani yatafutiwe Kiswahili, ili anayehukumiwa aelewe anachohukumiwa. Oktoba 1964 alifariki Bonn, Ujerumani, umri wake miaka 40. Arusha kuna uwanja wa mpira wenye jina lake. Wengi wanaoshangilia humo sidhani wanajua alikuwa mshairi.

Kwa nini namleta hapa? Kwa sababu ya hiyo kazi ya mahakamani. Mtu aliyejifunga kwa mizani katika ubeti alitaka na serikali ipimike, na ipimwe na wenye nchi, kwa lugha yao.

Sasa tujitazame. Mama amefika sokoni alfajiri na mchele wake na chupa za mawese. Kijana wa kodi anapita, anapokea franka, anampa jetoni, kikaratasi cha malipo. Mama anaikunja jetoni, anaifunga katika pembe ya kitenge. Siku ikiisha ana ushahidi kwamba alilipa. Ushahidi wa upande wa pili uko wapi? Uko kwenye karatasi ya Kifaransa ndani ya kabati, na ufunguo anao mtu aliyesafiri. Mtaro wa soko umeziba, tunaitwa kwenye salongo, kazi ya pamoja, tuuzibue kwa majembe yetu. Salongo ni jambo jema, naunga mkono. Lakini atoaye jasho na franka pia ana haki ya kuuliza.

Nitajibiwa: meya hatukumchagua. Ni kweli. Sheria ya Kongo ya Oktoba 2008 inasema meya achaguliwe na madiwani, na miji yetu bado inapelekewa viongozi kwa amri kutoka juu. Hata Wabelgiji, Desemba 1957, waliwaacha watu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wapige kura za komuni. Joseph Kasa-Vubu akapata komuni ya Dendale, na siku ya kuapishwa mwaka 1958 akasimama kuwadai Wabelgiji zaidi. Tudai uchaguzi, ndiyo. Ila kuteuliwa hakumzuii mtu kusoma hesabu hadharani. Aliyewekwa na Kinshasa anakula kodi ya Kasongo vilevile.

Hata sisi tusijitoe. Tunamsifu kiongozi kwa jumba alilojenga katika muhula mmoja tu, tunasema "amejua kutumia nafasi". Tunampigia vigelegele mwizi wetu kwa kuwa ni wa kabila letu, kisha tunalalamika juu ya barabara ya Kabambare.

Ombi langu ni dogo, na wenye ofisi wako hapa mstari wa mbele, wamenisikia. Kila mwisho wa mwezi, siku ya soko, msomaji asimame juu ya meza aseme kwa Kiswahili: jetoni zilizouzwa ni kadhaa, fedha ni kadhaa, zimefanya hili na hili, zimebaki kadhaa. Tuanze mwezi huu.